Waviking wa Ukambani

Watoto wangu wanawajua Waviking kwa panga na merikebu zao. Hawajui kwamba wengi wao walikuwa wakulima na wafanyabiashara. Lakini kinachoniuma zaidi ni kuwa hawawajui wasafiri wetu. Hapa Mtito Andei basi la Mombasa husimama, abiria wakanywa chai. Katika karne ya 19 Wakamba walivuka nyika kama hii kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, wakarudi kutoka pwani na nguo na shanga. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, aliuawa na wanyang’anyi safarini mwaka 1851. Ndugu mzazi, wasimulie wanao habari hizi, wasije wakadhani ushujaa ni wa Wazungu pekee.