Jenereta Kambini: Nani Ameuliza Itakaa Wapi?

Kila mwaka baada ya mavuno ya mahindi, makanisa mengi ya kwetu nyanda za juu kusini hufanya kambi ya familia. Watu hutoka nyumbani na magodoro, sufuria na watoto, wakakaa uwanjani siku 5 au 7. Vijiji vingi siku hizi vimefikiwa na umeme, lakini uwanja wa kambi mara nyingi ni shamba la kanisa au malisho karibu na mto, na nguzo ya mwisho iko mbali. Ndipo jenereta inapokodishwa. Kamati hujadili wahubiri, kwaya, ng'ombe wa kuchinja na vyoo. Jenereta huandikwa mstari mmoja tu: "Jenereta na petroli." Itawekwa wapi, na nyaya zitapita wapi, hayo huachiwa kijana yeyote anayejua kuvuta kamba ikawaka.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimehudumu katika hema la huduma ya kwanza kambini. Sikusomea umeme. Lakini anayeungua, anayepigwa na shoti na anayeanguka kwa kizunguzungu wote huletwa kwangu, kwa hiyo nimejifunza kwa mafundi, nikiwauliza maswali mpaka wakanichoka. Naandika haya kwa sababu tumezoea kusema umeme ni mambo ya wanaume, na huku wanaolala ndani ya mahema na matrela pamoja na watoto wachanga ni sisi.

Nianze na moshi, maana huo ndio unaoua bila kelele.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na kambi huko Njombe, mwezi wa Juni. Anayeijua Njombe ya Juni anaijua baridi yake. Trela la lori lilitandikwa nyasi na magodoro, likafunikwa turubai, na akina mama wenye watoto wadogo wakapewa walale humo, kwa nia njema kabisa. Jenereta ikawekwa nyuma ya trela, upande uliojificha upepo, ili isinyeshewe wala isiibwe. Usiku taa iliachwa ikiwaka kwa ajili ya wanaonyonyesha. Turubai likafungwa kamba pande zote.

Alfajiri akaja mama mmoja, mjamzito wa miezi 8, ameshikwa mkono na wifi yake. "Sista, kichwa kinanipasuka, na nimetapika mara mbili." Nikampima malaria kwa kile kipimo cha haraka: hana. Joto la mwili: la kawaida. Kabla sijamaliza akaja mwingine amebeba mtoto wa miaka 3, amelegea, hataki kufungua macho, naye hana homa. Akaja wa tatu. Niliwauliza wamekula nini, lakini walikuwa wamekula chungu kimoja na kambi nzima. Nikauliza wamelala wapi. Wote watatu: kwenye trela. Waliolala kwenye mahema hakuna aliyeumwa kichwa.

Msaidizi wangu alikuwa amembana yule mjamzito kidoleni na kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, kikasoma 98. Akaniambia, "Mbona hewa anayo, sista?" Hapo ndipo kifaa kile kinapodanganya. Moshi wa injini ya petroli una hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, na kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba hewa nzuri na ile iliyobeba sumu. Mgonjwa anaweza kusoma 98 huku anakufa.

Nilikimbia kwenye trela. Turubai likafunguliwa, watoto 6 wakatolewa nje wakiwa bado usingizini, na wawili wao hawakuitika walipoitwa mpaka wakae kwenye baridi kwa dakika kadhaa. Jenereta ikazimwa. Tuliwapakia wote kwenye pikapu, tukawapeleka kwenye kituo cha afya chenye oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, sumu hii huchukua muda wa saa 4 hadi 6 kupungua kwa nusu tu. Akiwekewa oksijeni nyingi kwa barakoa, muda huo hushuka hadi karibu saa moja na nusu. Kwa mjamzito hatusubiri kabisa, maana damu ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hiyo kwa nguvu zaidi na kuiachia polepole kuliko damu ya mama yake. Namshukuru Mungu wote walipona, na yule mama alijifungua wiki 5 baadaye, mtoto wa kike mwenye sauti.

Kijana aliyeiweka jenereta alinifuata jioni, macho mekundu. "Shikamoo sista. Mimi nilidhani moshi unakwenda juu." Wengi tunadhani hivyo. Hewa hii ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa tunayovuta, kwa hiyo huchanganyika nayo na kuingia popote penye upenyo. Hata Marekani, baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, watu waliponea mafuriko halafu wengine wakafa kwa moshi wa jenereta walizowasha karibu na nyumba.

Wataalamu wa huko wanataja mita 6 kutoka mlangoni au dirishani kuwa ndiyo pungufu kabisa. Mimi kwa turubai sikubali mita 6. Nataka hatua 30 au zaidi, bomba la moshi lielekee kule upepo unakokwenda, na isiwe chini ya trela, barazani wala ndani ya kibanda kilichofungwa. Kama ni mvua, ijengewe paa dogo la bati lililo wazi pande zote. Kama ni wizi, alindwe mtu, siyo ifichwe kwa watoto. Na jiko la mkaa lisiingizwe hemani "kidogo tu lipashe joto," maana mkaa hutoa sumu ile ile.

Dada yangu, ukiona kambini watu wawili waliolala mahali pamoja wanaumwa kichwa, wanatapika, wana kizunguzungu na hawana homa, usiwape dawa ya malaria. Watoe nje kwanza.

Basi, ukiipeleka jenereta mbali, unahitaji waya mrefu, na waya mrefu una mambo yake. Waya mwembamba hupoteza umeme njiani na kupata joto. Fundi wetu hutumia waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye jenereta hadi kwenye ubao wa kugawia, kisha 1.5 kwa taa za mahema. Ubao huo ndio moyo wa kambi. Una soketi kadhaa, kila mstari una breka yake: jukwaa peke yake, jiko peke yake, mahema peke yake. Jikoni wakizidisha, jikoni ndiko kunakozima, mhubiri haachwi gizani.

Tena ubao uwe na kile kikata umeme kinachojizima umeme unapovuja kwa kiasi cha miliampia 30, kabla haujaua mtu. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wengine hulipita. Jenereta nyingi ndogo, waya wake wa nyutro haukuunganishwa na bodi wala na ardhi, na kikata umeme kikiwekwa hivyo hivyo huenda kisifanye kazi siku ya hatari. Muulize fundi wako: "Mwanangu, nyutro umeiunganisha na ethi?" Akikutazama kwa mshangao, tafuteni fundi mwingine. Kazi hiyo si ya kubahatisha.

Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu lazima ikunjuliwe yote hata kama unahitaji mita 5 tu, kwa sababu ikibaki imejiviringa hupata joto mpaka plastiki ikayeyuka. Viungo vya waya visilale kwenye nyasi zenye umande. Sisi huvining'iniza kwenye miti juu ya kimo cha mtoto, na ile sehemu inayovuka njia hufukiwa ndani ya bomba.

Kuhusu ukubwa wa jenereta, chukueni kalamu. Jenereta iliyoandikwa kVA 2.5 ihesabuni kuwa wati 2,000. Taa 20 za wati 9 ni 180. Amplifaya na spika, tuseme 500. Kinanda 30. Friji ndogo 150, ingawa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Simu 30 zikichajiwa pamoja, 300. Jumla 1,160, na nafasi ya friji kuwaka ipo. Sasa dada mmoja akileta jagi la umeme la kuchemshia maji, lenyewe peke yake ni wati 2,000. Jagi hilo limezima ibada zaidi ya mara moja, na kila mara walilaumiwa wanakwaya. Pasi nayo ibaki nyumbani. Chai ichemshwe kwa kuni, tumefanya hivyo tangu zamani.

Petroli huongezwa injini ikiwa imezimwa na imepoa, kamwe siyo ikiwaka, wala kwa tochi ya moto. Dumu la petroli lisikae karibu na jiko, na lisifanane na dumu la maji ya kunywa. Nimewahi kumhudumia mtoto aliyekunywa petroli, na kumtapisha ndilo kosa ambalo ndugu humfanyia, kwa kuwa ikipanda huingia mapafuni.

Siku hizi kambini kwetu taa za kulalia ni za sola, zile zinazoanikwa mchana. Hakuna tena sababu ya injini kunguruma usiku kucha. Walinzi huzima jenereta saa 4 usiku baada ya tangazo la mwisho, na nusu saa kabla ya hapo wenye simu hukimbilia ubao kumalizia chaji. Wazee wananung'unika kwamba ni mapema mno. Mwenyekiti wa kamati hujibu kwamba waende wakamuulize sista.