ILIANGUKIA WAPI?



Leo nasema na wewe unayejiona umekwisha. Ibadani unafika, umevaa vizuri, "Amina" unaitikia pamoja na wengine. Lakini ndani unajua huandiki tena.

Mmeniona madhabahuni na kile kifaa cha kusomea vitabu, chenye kalamu yake ya kielektroniki. Wiki hii kalamu hiyo iligongwa mezani, ikaanguka kwa ncha, ikaacha kuandika. Kwa nje haikuwa na hata mkwaruzo. Nikaambiwa, "Pasta, tupa, ununue nyingine."

Kalamu ya aina hii haina betri. Karibu na ncha kuna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa kwenye kiini kidogo cha feraiti. Nguvu inatoka kwenye ubao ulio chini ya kioo. Kalamu ikisogea karibu, waya unapokea nguvu hiyo na kurudisha ishara, ndipo maandishi yanaonekana. Ikiwa mbali, haina kitu. Hata sisi hatuna betri yetu wenyewe, mpendwa. Tunaishi kwa kukaa karibu na Yeye.

Basi nikatafuta ilipoumia. Nilianza na ncha, maana imetengenezwa ikichakaa ibadilishwe. Nilipoivuta kwa kibanio ikatoka nusu. Nusu nyingine ilikuwa imekatikia ndani, kwa hiyo hata nikikandamiza, mkandamizo haukufika. Nikakitoa kipande kile taratibu, maana ukilazimisha unaweza kupasua kiini, na hapo gundi ya nje haisaidii. Nikaweka ncha mpya. Ikaandika!

Soma 2 Wafalme 6. Mwanafunzi wa manabii anakata mti, chuma cha shoka kinatumbukia majini, nacho ni cha kuazima. Elisha hamlaumu. Anataka kwanza aonyeshwe kilipoangukia. Mahali pale pale ndipo anapotupa kijiti, na chuma kinaelea.

Wewe uliangukia wapi? Usiseme tu, "Nimepoa kiroho." Onyesha mahali. Labda ni siku ulipoacha maombi ya alfajiri. Labda ni neno ulilotupiwa na mtu unayemheshimu kanisani. Labda ni deni ambalo mwenzi wako halijui.

Na wewe uliyesimama imara, sikia. Yule dada aliyekuwa kwaya, sasa haonekani, tumeshasema amerudi nyuma na jina tumelifuta. Nani alimuuliza alipoumia? Tumekuwa wepesi wa kutupa kalamu nzima kwa sababu ya ncha.

Usiku huu kabla ya kulala, mtajie Mungu mahali penyewe, bila kuzungukazunguka. Kesho mpigie mmoja simu. Usimhubirie. Muulize, kisha nyamaza umsikilize.

Hujaisha, mpendwa. Utaandika tena.

Ubarikiwe.