Andes, ambako ‘papa’ huchimbwa shambani

Ndugu msomaji, ukialikwa chakula na rafiki katika milima ya Andes nchini Peru, naye akakuambia kwamba leo mtakula papa, usianze kumeza mate ukimkumbuka samaki wa Mombasa. Kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa huko tangu jadi, papa ni kiazi. Naam, kiazi hiki hiki unachokula kama chipsi mjini, na ambacho nyanya yako hukiponda kwa mukimo, asili yake ni milima hiyo.

Hebu nikutembeze siku moja, kama nilivyotembezwa na marafiki wawili, mume na mkewe, wazaliwa wa mji wa Cusco.

Cusco ulikuwa makao makuu ya himaya ya Wainka kabla ya Wahispania kuuteka mwaka wa 1533. Uko mita zipatazo 3,400 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Nairobi. Kwa hivyo usijigambe kwamba umezoea miinuko. Mgeni mwenye papara hupatwa na maradhi wanayoyaita soroche: kichwa kinagonga, pumzi zinakatika na chakula hakipiti. Wenyeji wangu walikataa katakata kunitembeza siku mbili za kwanza. Nilinuna, nikidhani wananibania. Kumbe walikuwa wakiniokoa, kwani hali hiyo ikizidi huweza kuua, na tiba ya hakika ni kuteremka upesi.

Utapewa chai ya majani ya koka, ambayo ni halali huko. Kunywa, ushukuru, lakini usithubutu kuyatia majani hayo mzigoni. Ukifika uwanja wa ndege hapa nyumbani utakuwa umebeba dawa za kulevya.

Siku ya tatu tuliianza kwa kutazama kuta. Wainka walichonga mawe yakashikana bila saruji hata wembe haupenyi. Juu ya hekalu lao la jua, Coricancha, Wahispania walijenga kanisa. Mwaka wa 1950 tetemeko la ardhi lilipoutikisa mji, kanisa liliharibika vibaya, ilhali kuta za Wainka chini yake zilisimama imara.

Baada ya hapo tulishika barabara ya kwenda Chinchero, kijiji cha akina mama wafumaji. Hapo utaonyeshwa vidudu vidogo vinavyoishi juu ya mpungate. Mama mmoja alikiponda kidudu kiganjani, kikatoa rangi nyekundu kama damu. Alipotia tone la ndimu, rangi ikabadilika papo hapo. Sufi ya kondoo na alpaka hutiwa rangi namna hiyo.

Mbele kidogo ni Moray. Simama ukingoni utazame chini: matuta ya mviringo, moja ndani ya jingine, yanashuka kama bakuli kubwa. Joto la chini si sawa na la juu, na watafiti wengi huamini kwamba Wainka walifanyia majaribio ya mimea hapo. Karibu nayo, huko Maras, chemchemi ya maji ya chumvi hulisha vidimbwi zaidi ya 3,000 vilivyochongwa kando ya mlima. Jua hukausha maji, na familia za hapo hukusanya chumvi, kila moja katika vidimbwi vyake.

Lakini kilele cha siku hakimo katika vitabu vya watalii. Ilikuwa msimu wa mavuno, na mama mzazi wa rafiki yangu alikuwa akitusubiri shambani. Majirani walikuwa wamekuja kumsaidia kuvuna, naye atawalipa kwa kwenda kuwavunia wao. Desturi hiyo huitwa ayni. Kwa Wakikuyu ni ngwatio na kwa Wakamba ni mwethya.

Walirundika mabonge makavu ya udongo mfano wa kibanda kidogo, wakawasha moto ndani mpaka mabonge yakashika joto. Kisha wakatumbukiza viazi na kukibomoa kibanda juu yake. Wakati vikiiva, mama alimwaga matone ya chicha, pombe ya mahindi, kwa ajili ya Pachamama, yaani mama ardhi. Wazee wetu nao walimwaga kidogo kabla ya kunywa.

Viazi vilipofukuliwa niliduwaa. Vilikuwako vya zambarau, vyekundu na vyeusi, vingine vimejipinda kama vidole. Andes ina aina zaidi ya 4,000 za viazi vya kienyeji. Mama akaniuliza, mwanawe akitafsiri: “Kwenu mnapanda aina ngapi?”

Nikataja Shangi. Nikakwama.

Hakunicheka. Alinieleza kwamba yeye huchanganya aina nyingi katika shamba moja, ili baridi kali au ugonjwa ukiua hizi, zile zibaki na watoto wasilale njaa. Sasa joto linapanda, na wakulima wengine wamelazimika kuhamishia viazi vyao juu zaidi mlimani. Lakini mlima nao una mwisho.

Usidhani ni hofu ya bure. Waayalandi walitegemea aina chache zilizofanana. Ugonjwa wa ukungu ulipovamia mwaka wa 1845, ukawa mwanzo wa njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Na hapa kwetu, soko kubwa la viazi limeegemea Shangi. Kinachotia moyo ni kwamba Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima mwaka wa 1971, huhifadhi mbegu za aina hizo nyingi, na kina ofisi jijini Nairobi.

Basi, mzazi, watoto wakidai chipsi Jumapili hii, wasimulie kilikotoka kiazi. Nawe mwanafunzi, ukitumwa Marigiti, muulize muuzaji kiazi chake ni cha aina gani, na kama ana kingine. Wanunuzi wasipouliza, mkulima atapanda kile kile. Na siku ukijaliwa kufika Andes, nenda polepole, na ukiulizwa swali la yule mama, usikwame kama mimi.