Kamba Mguuni mwa Kuku Mgeni

Wahenga walisema kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Katika nyumba za polisi mjini Jinja, nchini Uganda, si mbali na pale Mto Nile unapoliaga ziwa, msemo huo ulidhihirika mwaka 2019, na nusura uvunje ujirani wa nyumba mbili.

Mke wa konstebo mmoja alikuwa amehamia hapo kumfuata mumewe aliyepata uhamisho. Ili asikae mikono mitupu, alinunua sokoni mitetea watatu wa kienyeji. Akafumua nyuzi za nailoni katika gunia la mahindi, akawafunga kila mmoja mguu wapate kuzoea makao mapya. Usiku wa tatu, mtetea mwenye madoadoa alijikwamua. Asubuhi mama huyo alimkuta akichakura karibu na wenzake, akafurahi, wala hakumtazama mguu. Wale wawili akawafungua kwa mkono wake.

Baada ya siku nane yule mwenye madoadoa alianza kuchechemea. Kumbe siku hiyohiyo mtoto wa jirani, mvulana wa miaka tisa, alikuwa ameonekana akiwarushia kuku jiwe kwa sababu waliparua mchicha wa mama yake. Mke wa konstebo hakuuliza mara mbili. Alikwenda hadi mlangoni kwa jirani, akasema maneno mazito mbele za watu. Mtoto alikana huku akilia. Baba yake, koplo aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alimchapa kwa kosa la kuumiza mali ya watu na kwa kosa la pili la kusema uongo.

Tangu siku ile wanawake wale wawili walichota maji kwenye bomba moja bila kusalimiana. Waume zao, waliokuwa zamu moja, wakawa wanasemezana ya kazi tu.

Hali ya kuku ikazidi kuwa mbaya. Alilala pembeni, akala kidogo, na wenzake wakaanza kumdonoa. Maneno mengine yakazuka: huo ni mdondo, achinjwe kabla hajawamaliza kuku wa kambi nzima. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa maana nyumba zilibanana na kuku wote walichangamana uwanjani.

Ndipo mke wa sajini mmoja, mama wa makamo aliyefuga kuku katika kambi nyingi, alipobisha hodi. Akasema, “Mwanangu, kabla ya kisu, tumia macho.”

Alimpakata kuku, akamfundisha mwenyeji wake jinsi ya kupeleleza. Mdondo huwapata wengi kwa siku chache; pumzi huwa za shida, kinyesi huwa cha kijani, shingo hupinda. Kuku huyu hakuwa na dalili hizo, na wenzake walikuwa wazima. Ugonjwa wa Marek, ambao hauna tiba bali chanjo ya kifaranga aliyetoka kuanguliwa, mara nyingi huwapoozesha kuku wachanga, mguu mmoja ukanyooka mbele na mwingine nyuma. Hilo nalo halikuwapo. Chini ya unyayo hapakuwa na jipu lenye kigaga cheusi, wala magamba ya mguu hayakuinuliwa na utitiri. Lakini juu kidogo ya vidole palikuwa na uvimbe, na katikati yake mfereji mwembamba kama uliochorwa kwa wembe.

Waliuloweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa muda wa dakika 15. Kisha, kwa wembe mpya, yule mama alikata na kuvuta polepole. Uzi wa nailoni ukatoka, umezama nyamani, na fundo lake likiwa bado limekaza. Akauweka katika kiganja cha mwenyeji wake, akasema kwa sauti ya chini, “Jiwe halifungi fundo.”

Mke wa konstebo aliutazama uzi ule kwa muda mrefu. Jioni, mbele ya watu walewale waliomsikia akilaumu, alibisha mlangoni kwa jirani, akaunyosha mkono wenye uzi. Alianza kwa kumwomba radhi mtoto, kisha mama, kisha baba. Koplo hakujibu neno. Alimwita mwanawe, akamketisha karibu naye. Kesho yake, bombani, salamu ilirudi.

Kuku alitengwa katika boksi lenye nyasi kavu, maji na chakula vikiwa karibu naye. Kila siku jeraha lilioshwa, likapakwa dawa ya rangi ya zambarau, likafungwa kitambaa safi. Mvulana ndiye aliyekuwa akimletea kumbikumbi. Kidole kimoja kilikuwa kimekwisha kufa, kikakauka, kikaanguka. Juma la tatu alirudishwa bandani usiku, wenzake wakiwa wamelala, ili kupunguza ugomvi, na kitagio kikashushwa asilazimike kuruka.

Hakupona kilema chake. Hata hivyo alitaga, akaatamia siku 21, akaangua vifaranga tisa. Mmoja alipewa yule mvulana alipotimia umri wa kutengana na mama yake.

Tangu hapo, katika nyumba zile, kuku mgeni hufungwa kwa utepe mpana wa kitambaa, nao hukaguliwa asubuhi na jioni; na kuku akijikwamua, hukamatwa atazamwe mguu kwanza. Nyuzi za magunia hukusanywa na kutupwa mbali. Na mtu akija na lawama dhidi ya mtoto wa mwenziwe, huulizwa kwanza kama ameutazama uzi wake mwenyewe.