Mwanga ulikuwa unapotelea njiani

Humu tumezoea kuandika tulivyofanikiwa, na ni vizuri, tunatiana moyo. Leo mimi naandika tofauti. Naandika kosa langu, kosa la taa za gari, ambalo nusura limtoe uhai yaya yangu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Wanaonijua hapa Nakivale wanajua najifunza umeme wa magari kwenye gereji moja ya Base Camp. Nilianza kwa kushika tochi na kufuta spana, sasa ni mwaka wa tatu. Mzee wetu wa gereji ni Mrundi, mtu wa maneno machache. Ukimuuliza jambo anakuuliza wewe.

Jirani yetu Baba Furaha ana Hilux ya zamani, ya miaka ya 90. Mchana inabeba mahindi na matoke. Usiku inakuwa gari ya kila mtu. Mtoto akipandwa na homa, mama akishikwa na uchungu, watu wanaenda kugonga kwa Baba Furaha. Hakatai. Unaweka mafuta, na kama huna, utaweka mwezi ujao.

Shida ilikuwa taa za mbele. Zilikuwa njano kama koroboi. Siku moja akaniita pembeni: "Mwanangu, nitengenezee hizi taa. Usiku naendesha kama niko ndani ya gunia." Hakumwambia Mzee, aliniambia mimi. Na mimi nikafurahi, maana nilitaka kazi yangu mwenyewe na pesa yangu mwenyewe. Sikupima kitu. Nilienda dukani nikanunua balbu mbili kubwa za wati 100. Balbu ya kawaida ya gari lile ni wati 55 kwa dimu na 60 kwa fulu. Nikawaza: wati nyingi, mwanga mwingi, kazi imekwisha.

Jioni ile taa ziliwaka vizuri kweli. Baba Furaha alicheka, akanipa elfu thelathini. Nikanunua viatu.

Wiki mbili baadaye yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, akashikwa na uchungu usiku. Kwenye kituo cha karibu wakatuambia mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali kubwa Mbarara. Tukamwamsha Baba Furaha. Yaya na mama wakakaa ndani, mimi nikasimama nyuma kwenye bodi nimeshika chuma. Kwa hiyo niliiona barabara kama Baba Furaha alivyoiona. Yaani sikuiona. Taa zilikuwa zimerudi kuwa njano, mbaya kuliko mwanzo, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Barabara nyeusi, ng'ombe wa pembe ndefu wamelala pembeni, nao weusi.

Mtu wa baiskeli alitokea mbele yetu ghafla, amepakia matoke, hana hata kioo cha kung'aa nyuma. Baba Furaha akakata usukani. Tukaingia mtaroni.

Hakuna aliyeumia, wala yule wa baiskeli. Lakini tulikaa kwenye tope zaidi ya saa nzima. Mama anaomba, yaya analia, mimi nasukuma gari peke yangu kama mwendawazimu, mpaka vijana wa boda boda wakapita wakatusaidia. Tulifika. Mtoto alizaliwa amechoka, alikaa kwenye oksijeni siku mbili. Leo ni mzima, anakula na kupiga kelele. Ila mkunga alituambia wazi kwamba tungechelewa kidogo tu tena, tungezika.

Tuliporudi, Baba Furaha alisema neno moja ambalo bado linaniuma. Hakusema taa. Alisema: "Macho yangu yamezeeka. Usiku siendeshi tena."

Asubuhi nilifungua taa kwa siri. Plastiki ya soketi ilikuwa imeyeyuka, waya umeungua hadi kuwa kahawia. Zile balbu kubwa zilivuta umeme mwingi kuliko waya na swichi vilivyoweza kubeba. Joto likaunguza viungo, na kiungo kilichoungua hakipitishi umeme vizuri. Macho ya mzee wa watu yalikuwa mazima. Kilichoharibika ni kazi yangu.

Nilinyamaza siku tatu. Katika siku hizo tatu, mtoto wa jirani mwingine alipelekwa hospitali usiku juu ya boda boda, amefungwa kwa kitenge katikati ya watu wawili, kwa sababu Baba Furaha alikataa. Hapo ndipo nikashindwa. Nikaenda kumwambia Mzee.

Hakunigombeza. Aliuliza: "Ulipima?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hukutengeneza. Ulibahatisha."

Nikaenda kwa Baba Furaha, nikamwambia yote, hata habari ya viatu. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hiyo macho yangu ni mazima?" Nikasema ndiyo, baba. Akanipa ufunguo wa gari.

Sasa nawaeleza tulichofanya, maana najua humu kuna wenye magari ya zamani na wenye ndugu madereva.

Tulirudisha balbu za kawaida, tukaweka soketi mpya, tukawasha injini na taa. Mita kwenye betri ilisoma volti 13.6. Kwenye balbu ilisoma 11.2. Unaona? Volti zaidi ya mbili zinaishia njiani. Unaweza kusema mbili ni kitu gani, lakini mwanga wa balbu hizi haupungui sawasawa na volti, unaanguka haraka zaidi. Ukipoteza sehemu moja kati ya kumi ya volti, mwanga unapungua karibu theluthi. Sisi tulikuwa tumebaki na kama nusu.

Mzee akaniambia nitafute zinapopotelea. Niliweka mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye chanya ya balbu, taa zikiwa zinawaka. Ikasoma 0.4 tu. Nikasema, Mzee, waya ni mzima. Akasema: "Umepima kwenda. Pima kurudi."

Kumbe umeme lazima urudi betri, na Toyota nyingi za zamani zina tabia yao: chanya inafika kwenye taa bila kupitia swichi ya usukani, na swichi inakata upande wa kurudi. Umeme ukitoka kwenye balbu unapita waya mwembamba mpaka ndani kwenye usukani, unapita swichi iliyochakaa, ndipo unaingia kwenye bodi ya gari, ile sisi Wakongo tunaita masi. Nilipopima upande huo, volti 2 nzima.

Dawa yake ni rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mkubwa. Tuliweka mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Waya mnene wa milimita nne za mraba ukatoka betri, kila rilei na fyuzi yake ya ampea 15 karibu kabisa na betri, ukaenda kwenye balbu. Waya mnene mwingine ukarudisha umeme kwenye masi, tukaikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa. Zile waya za zamani na swichi ya usukani hazibebi tena mzigo wa taa, zinaamsha rilei tu, kazi ambayo haifiki hata nusu ya ampea.

Na hapo pia nilikosea. Nilifuata mchoro niliouona kwenye simu, nikafunga mguu mmoja wa koili ya rilei kwenye masi. Nikawasha taa, kimya, hata "tik" haikusikika. Mchoro ulikuwa wa gari linalokata chanya. Kwa gari letu miguu yote miwili ya koili ilikuwa inakuta hasi, basi itaamka vipi? Nikafunga koili katikati ya waya mbili za soketi ya zamani, ule wa chanya na ule wa dimu. Tik! Mita ikasoma 13.2 kwenye balbu.

Vifaa vilikula akiba yangu ya miezi miwili. Sikumdai Baba Furaha kitu. Jioni tulisimamisha gari mbele ya ukuta wa shule tukalenga taa, ili dimu isiwapige machoni wanaokuja. Mwanga mweupe, mstari wake umenyooka. Baba Furaha alitembea mbele ya gari hadi mbali, akageuka akatuangalia, hakusema kitu.

Wiki ile ile, saa saba usiku, nilisikia watu wanagonga mlangoni kwake. Nikakaa kitandani nikisikiliza. Injini ikawaka. Mwanga ukapita juu ya paa letu la turubai, nyumba nzima ikawa nyeupe kwa sekunde mbili, halafu giza likarudi.

Vijana wenzangu, taa ikififia usikimbilie balbu kubwa. Pima kwanza, kwenda na kurudi. Na kama umeharibu, sema mapema. Mimi nilichelewa siku tatu, na nilikuwa na bahati.

Mwenye gari la zamani hapa Nakivale apite gereji. Kupima ni bure.