Ukaidi wangu nusura utuzamishe Naivasha

Mpenzi msomaji, ni lini ulipomwambia mwanao "nisamehe"? Wengi wetu wazazi hudhani neno hilo ni la watoto peke yao. Mimi pia nilidhani hivyo hadi nilipofunzwa na upepo wa Ziwa Naivasha.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 2023. Kifungua mimba wangu, aliyekuwa kidato cha pili, alileta nyumbani ripoti mbaya nami nikamwita mjinga mbele ya wadogo zake. Wiki nzima hatukusemezana ila kwa salamu. Mama yao alipoona nyumba imekuwa kama matanga, alishauri tuazime hema, tufunge sufuria na blanketi, tukapige kambi Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi.

Ikiwa hujawahi kulala huko, jiandae kwa baridi. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku viboko hutoka majini kuja kula nyasi, na ndiyo maana kambi nyingi zina ua wa nyaya za umeme upande wa ziwa. Usimruhusu mtoto kuuvuka hata kwa dakika moja.

Asubuhi tulikodisha mtumbwi pamoja na mwenyewe, mvuvi wa makamo. Tuliingia watatu: yeye, mimi na mwanangu. Alituvisha jaketi za kuelea kwanza, kisha akatueleza kwamba tunamtafuta samaki aitwaye besi. Binti yangu mdogo aliyekuwa ukingoni aliangua kicheko: "Yaani mnaenda kuvua basi?" Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nilimwona kaka yake akitabasamu.

Besi si mwenyeji wa Naivasha. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili watu wapate kuvua kwa kujifurahisha. Huko kwao, familia zinapopiga kambi humvua kwa mtumbwi, yeye pamoja na pike, samaki mrefu mwenye meno makali ambaye sisi hatunaye. Besi ana kinywa kipana na tabia ya jambazi. Hujibanza penye mafunjo au miti iliyozama, akimvizia chura au samaki mdogo anayepita. Kwa hivyo hutupi ndoana katikati ya ziwa. Unaitupa kando ya mafunjo, kisha unavuta mshipi polepole ili kile kichuma kinachong'aa kionekane kama kisamaki kilichoumia.

Mwanangu aliishika mbinu hiyo upesi kunishinda. Kufikia saa tano alikuwa amevua besi wawili. Mimi nilikuwa nimevua nyasi tu. "Baba, usivute kwa nguvu," aliniambia kwa sauti ya chini. Sikumjibu.

Saa sita hivi, mvuvi aliyatazama maji ya mbali, akaona yameanza kuwa meusi. "Mzee, turudi. Upepo wa mchana hapa haubishi hodi."

"Baba, twende," mwanangu akasema.

Nikakataa. Nilisema hatuondoki hadi nipate wangu. Ukweli ni kwamba sikutaka kurudi kambini nikiwa nimeshindwa na mtoto niliyemwita mjinga.

Haukupita muda, mawimbi yakaanza kumwaga maji mtumbwini. Mvuvi alitaka kukata moja kwa moja hadi ukingoni, lakini vichwa vya viboko vikaibuka mbele yetu. Ikabidi tuzunguke mbali, upepo ukitupiga ubavuni. Mwanangu alinyakua kafi la pili bila kuambiwa. Mvuvi alipiga kelele, "Kulia! Kushoto!" na kijana akafuata. Mimi nilichota maji kwa kopo huku mikono ikitetemeka. Siku hiyo sikuwa baba wa kumwongoza yeyote.

Tulimkuta mama yao amesimama ukingoni, mikono kichwani. Hakusema neno.

Jioni, samaki wakiwa motoni, niliongea mbele ya watoto wale wale. "Leo ziwani nilikosea. Na siku ile ya ripoti nilikosea pia. Nisamehe, mwanangu." Alikaa kimya, akiuchokoa moto. Kisha akaniambia kwamba hisabati ilikuwa imemlemea tangu muhula wa kwanza, naye aliogopa kunieleza. Tuliongea hadi makaa yakazimika.

Msomaji wangu, nenda Naivasha na jamaa yako. Uliza kwanza kuhusu leseni ya uvuvi, kodisha mtumbwi pamoja na mwenyewe, vaeni jaketi nyote, na mtoke majini kabla ya upepo wa mchana. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura nivunjike kwa kutosikia la mdogo.