Kinywa cha Mzee

Katika nyumba ya wazee ya masista, mimi mwalimu wa dini nilimkaripia mzee mmoja aliyekataa bukari na sombe siku 3. «Tata, usidharau chakula alichotupa Mungu.» Akanyamaza, akageukia ukuta.

Sista akaja na taa, akamwomba afungue kinywa. Nikaona ufizi umevimba, una kidonda, na mabaki ya chakula yamejaa shavuni. Mzee hakuwa na kiburi, aliumwa. Nikaona haya, nikamwomba radhi.

Tangu siku ile, kila alipokwisha kula nilimpangusa ufizi na ulimi kwa kitambaa safi na maji. Tulimketisha wima, tukamlisha uji polepole. Baada ya majuma 2 aliomba bukari mwenyewe.

Kazi hii si ndogo, maana uchafu wa kinywa hushuka na mate mpaka mapafuni. Huko Japani waganga walichunguza nyumba 11 za wazee kwa miaka 2, wakatangaza mwaka 1999: katika waliosafishwa kinywa kila baada ya kula, 11 kwa 100 walipata ugonjwa wa mapafu, katika wengine, 19. Hata wasio na meno walifaidika.

Ndugu, kabla ya kumgombeza mzee wako kwa sahani iliyobaki, tazama kwanza kinywa chake.